Nachanganya nyekundu na buluu, mbona napata tope?

*“Assalaam alaykum mwalimu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Lamu, nakaa Langoni. Mwaka huu nimejitia kwenye uchoraji. Nilinunua Mombasa kasha la rangi za akriliki, tyubu kumi na mbili, nikakusudia kuchora kile ninachokiona kila siku nikiwa darini: bogenvilia lililomwagika juu ya ukuta wa jirani, na nyuma yake mkondo wa bahari na mikoko ya Manda. Shuleni tulifundishwa, na mimi nafundisha hivyohivyo, kwamba rangi za msingi ni tatu, nyekundu, manjano na buluu, na ukizichanganya unapata zote. Basi nikachukua nyekundu, kali kama pilipili, na buluu nzito kama ile ya kufulia, nikitaka zambarau ya maua. Ikatoka kahawia. Nikaongeza nyekundu, ikazidi. Nikaongeza nyeupe, ikapauka tu. Bahari nayo, manjano na buluu vilinipa kijani cha tope, si ule uangavu wa maji ya kina kifupi. Kivuli cha ukuta nilikipata kwa kuongeza nyeusi, ukuta ukaonekana umepigwa na moshi. Na anga niliyoipaka asubuhi, nilipoirudia jioni kuziba pengo kwa rangi ileile, haikulingana tena. Mume wangu anasema jicho langu ndilo bovu. Ami yangu, ambaye hupaka majahazi, anasema rangi za kasha ni za watoto, anataka kunipa zake zilizobaki mikebeni. Rafiki yangu ananishauri ninunue kasha la tyubu arobaini na nane. Nimsikilize nani?”*

Waalaykumu salaam, mwalimu mwenzangu. Usimsikilize yeyote kati ya hao watatu, ingawa ami yako ana jambo moja la kweli nitakalolifikia huko mbele. Jicho lako ndilo lililoona kwamba zambarau si zambarau na kijani si kijani. Jicho bovu lingeridhika. Rangi zako nazo hazikukosea. Nyekundu ya pilipili ukiikutanisha na buluu ya kufulia, kahawia ya giza ndiyo inayopaswa kutoka, leo na kesho, hata kwa tyubu za bei ya dhahabu. Kilichokuponza ni ile kanuni ya darasani.

Kanuni hiyo si uongo mtupu. Kwa rangi tatu zilizochaguliwa vizuri unaweza kupata nyingine nyingi mno. Lakini hakuna rangi tatu za tyubu zinazotoa zote, maana karibu kila unapochanganya unapoteza ukali fulani ambao hauurudishi. Na kubwa kuliko hilo: “nyekundu” na “buluu” si rangi mbili, ni majina ya makundi mawili makubwa. Kuna nyekundu inayoegemea machungwa na nyekundu inayoegemea zambarau. Kuna buluu inayoegemea zambarau na buluu inayoegemea kijani. Ukimwambia mwanafunzi “chukua nyekundu na buluu” hujamwambia kitu. Wapiga chapa, ambao riziki yao yote inategemea wino tatu pamoja na nyeusi, waliacha kitambo kutumia nyekundu na buluu za darasani. Wao hutumia manjano, majenta (ile nyekundu ya pinki iliyokolea) na sayani (buluu inayoelekea kijani). Kama ofisi ya shule yenu ina printa ya rangi, ifungue, utazikuta humo ndani.

Kwa nini iwe hivyo? Mwanga wa jua unaotua darini kwako umebeba rangi zote. Isaac Newton alilionyesha hilo kwa kipande cha kioo cha pembe tatu katika miaka ya 1660, na upinde wa mvua hulionyesha bure kila vuli. Rangi ya tyubu haina mwanga wake yenyewe. Kazi yake ni kula: chembechembe zake humeza sehemu ya mwanga ulioangukia karatasi na kurudisha uliobaki, na huo unaorudi ndio jicho huuita rangi. Manjano ni manjano kwa sababu imemeza buluu na zambarau, ikarudisha kijani, manjano na nyekundu. Sasa ukichanganya rangi mbili, zote mbili zinakula sahani moja. Kinachosalia ni kile tu ambacho zote mbili zimekiacha. Mengine yote nitakayokueleza yanatokana na sentensi hiyo.

Itazame sahani yako ya siku ile kwa jicho hilo. Nyekundu ya pilipili inarudisha nyekundu na machungwa, na inameza kijani na buluu karibu yote. Buluu ya kufulia inarudisha buluu na zambarau, na inameza manjano, machungwa na sehemu kubwa ya nyekundu. Zikikutana, nyekundu imekula buluu, na buluu imekula nyekundu. Zambarau ingetoka wapi? Ulibakiwa na makombo ya kila kitu, na makombo ya kila kitu ndiyo tunayoyaita tope. Kuongeza nyekundu kulikuwa kuongeza mlaji. Nyeupe nayo haiwezi kurudisha kilichokwisha kuliwa. Inachoweza ni kukipausha.

Majenta ina tabia nyingine kabisa. Inakula kijani, lakini inaiacha nyekundu na inaiacha buluu vilevile. Ikikutana na buluu yako nzito, kuna kitu ambacho zote mbili wamekubaliana kukiacha, na hicho ndicho zambarau. Jaribu mara moja tu na utashangaa ulivyohangaika bure.

Kwa bogenvilia lenyewe nina habari ambayo huenda usiipende. Kama ni lile la pinki kali linalomeremeta juu ya kuta za Lamu, hakuna mchanganyiko wa kasha lako utakaokufikisha. Ukali ule hauchanganywi, hununuliwa. Tafuta tyubu moja ya majenta, uitumie karibu ilivyo: upande uliopigwa na jua tia chembe ya nyekundu ya pilipili, upande wa kivulini tia buluu nzito, na mahali jua linapopenya jani lile jembamba tia nyeupe kidogo sana. Usimwage nyeupe ukidhani unaongeza nuru. Bogenvilia lililojaa nyeupe huonekana la plastiki.

Sasa geuza tyubu usome mgongoni. Jina lililoandikwa mbele ni la kuuzia. Habari ya kweli ni herufi na tarakimu ndogo zinazotaja chembechembe zilizomo: PB ni za buluu, PR nyekundu, PY manjano, PG kijani, PV zambarau, PBr kahawia, PW nyeupe, PBk nyeusi. PB29 ni altramarini, buluu yako nzito. PB15 ni thalo, buluu inayoegemea kijani. PR122 ni majenta nzuri. Tyubu yenye namba moja ni rahisi kuielewa, maana mlaji ni mmoja. Yenye namba tatu imekwisha kuchanganywa kiwandani, na ukiichanganya na nyingine yenye mbili, una walaji watano sahanini bila kujua. Hapo ndipo rangi za bei rahisi zinapostahili lawama: nyingi ni za mchanganyiko, zimejazwa unga wa kuongezea uzito, na baadhi hazitaji namba yoyote. Lakini hiyo ni lawama ya pili. Ya kwanza ni ile ya kanuni.

Umeiita buluu yako “kama ile ya kufulia”, na hukukosea hata kidogo. Buluu ya unga na vidonge waliyotumia mama zetu kwenye nguo nyeupe ilikuwa altramarini hasa. Rangi hiyo zamani ilisagwa kutoka kwenye jiwe la lazuli lililochimbwa Badakhshan, Afghanistan, na bei yake ilikuwa ya kutisha. Mwaka 1824 Wafaransa wakatangaza zawadi ya faranga 6,000 kwa atakayeitengeneza kiwandani kwa gharama ndogo, na mwaka 1828 zawadi ikamwendea Jean-Baptiste Guimet. Baada ya hapo rangi iliyokuwa ya wafalme ikafika kwenye beseni la kufulia kanzu.

Na beseni hilo lina somo ambalo wachoraji wengi hulisoma wakiwa wamechelewa. Kanzu iliyochakaa huwa ya manjano kidogo, maana yake inameza buluu zaidi ya inavyostahili. Ukiitia kwenye maji ya altramarini, chembe za buluu zinakula manjano. Kanzu haikuongezewa mwanga wowote. Kwa kweli imepunguzwa kidogo. Ila sasa hakuna rangi inayozidi nyingine, na jicho linaisoma kuwa nyeupe. Rangi mbili zinazomalizana namna hiyo huwa zimekabiliana: buluu na machungwa, nyekundu na kijani, manjano na zambarau. Ukizichanganya zinauana na kutoa kijivu au kahawia. Kwa hiyo kila rangi unayotaka kuituliza, mtilie kidogo mpinzani wake, wala usikimbilie nyeusi. Na kila rangi unayotaka ibaki kali, mweke mpinzani wake mbali nayo, hata kwenye brashi ambayo hukuiosha vizuri.

Tuje kwenye bahari. Kijani kinatokea pale ambapo buluu na manjano zote zimekiacha. Altramarini inaacha kijani kidogo mno, kwa hiyo kwa manjano yoyote itakupa kijani kilichotulia, cha zeituni. Thalo inaacha kijani tele. Thalo kidogo, manjano ya ndimu kidogo zaidi ya hapo, nyeupe ya kutosha, na utapata maji ya kina kifupi yaliyolala juu ya mchanga mweupe. Kuwa mwangalifu, thalo ina nguvu za kupindukia. Kiasi cha ncha ya kijiti kinatosha kubadilisha kijiko kizima cha nyeupe. Siku zote anza na rangi dhaifu, uiongezee ile yenye nguvu kidogokidogo. Ukianza na buluu utajikuta unaifukuzia manjano mpaka tyubu iishe.

Lakini kabla hujaitupa ile kijani ya tope, itazame tena mikoko ya Manda. Majani ya mikoko si kijani cha mgomba. Ni ya zeituni, mazito, yenye uvuli wa kahawia ndani yake. Uliyoichanganya kwa ajili ya bahari ilikuwa rangi ya mikoko, ukaiweka mahali pasipo pake. Vivyo hivyo kahawia iliyotokana na pilipili na buluu: boriti zilizozeeka, ubavu wa jahazi lililopandishwa pwani, mlango uliokaa miaka mingi bila mafuta. Mimi huku Malindi sina budi kuipenda rangi ya tope. Mvua zikinyesha bara, mto Sabaki huteremsha udongo mwekundu mpaka bahari yenyewe ikawa kahawia, na anayetaka kuichora siku hiyo kwa thalo na nyeupe atakuwa anachora kadi ya watalii.

Jambo la kivuli ni kubwa kuliko yote, na ndilo wanaoanza hulipita haraka. Kila rangi uionayo ina maswali matatu. Ni rangi gani? Imekolea kiasi gani, au imetulia? Ina mwanga kiasi gani, ukiipanga kati ya nyeupe na nyeusi? Wengi huhangaika na swali la kwanza tu, kumbe picha husimama kwa la tatu. Ukikosea rangi ya ukuta lakini ukapatia mwanga wake, mtazamaji ataamini bado ni ukuta. Ukikosea mwanga, hakuna rangi itakayokuokoa. Pima hivi: finya macho mpaka mambo madogomadogo yapotee, uulize ni nini cheupe zaidi na ni nini cheusi zaidi. Au piga picha mandhari yako na mchoro wako kwa simu, ziondoe rangi ziwe nyeusi na nyeupe, uzilinganishe. Wengi hugundua kwamba mikoko waliipaka nyepesi mno, na kwamba bogenvilia, pamoja na kelele zake zote, lina giza kuliko walivyodhani.

Nyeusi ilipunguza mwanga wa ukuta wako, ndiyo, lakini iliua na rangi yake. Ukuta mweupe ulio kivulini hauangaziwi na jua moja kwa moja. Unaangaziwa na anga, na anga ni buluu, kwa hiyo kivuli cha darini huelekea buluu. Shuka kwenye kichochoro na mambo yanageuka: ukuta wa upande wa pili uliopigwa na jua unarusha mwanga wake, na kivuli kinapata joto, kikaelekea manjano au waridi. Hakuna tyubu ya “rangi ya kivuli”. Changanya altramarini na siena ya kuchomwa, ile kahawia ya udongo unaoelekea machungwa, kisha nyeupe. Zimekabiliana, kwa hiyo zinakupa kijivu. Buluu ikizidi, kijivu cha anga. Siena ikizidi, kijivu cha ukuta wa matumbawe uliovuliwa lipu. Bila nyeupe zinakupa giza zito linalofaa ndani ya milango iliyo wazi. Kwa mchanganyiko huo mmoja unaweza kuchora nusu ya mji wa Lamu.

Nyeusi yenyewe si haramu. Ichanganye na manjano, ikupe kijani cha zeituni, kwa kuwa nyeusi nyingi huegemea buluu. Ila usiitumie kama tochi ya kinyume, ya kuzimia rangi.

Kabla sijaacha habari ya kuona: rangi hubadilika kwa jirani yake. Mkemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul, aliyesimamia upakaji wa rangi kwenye nyuzi za kiwanda cha Gobelins, Paris, aliletewa malalamiko kwamba nyuzi zake nyeusi zimefifia. Alipozikagua akazikuta hazina kasoro. Zilionekana dhaifu kwa sababu ya rangi zilizofumwa kando yake. Kwa hiyo rangi uliyoichanganya ikawa safi sahanini inaweza kuonekana chafu ikikaa karibu na nyeupe tupu ya kanvasi. Usihukumu rangi ikiwa peke yake. Paka doa dogo pale pake, uzunguke na majirani, ndipo uamue.

Anga isiyolingana haikuwa kosa la kuchanganya. Gundi ya akriliki ikiwa mbichi huwa na weupe kama wa maziwa. Ikikauka inakuwa angavu, ule weupe unaondoka, na rangi inashuka giza kidogo. Uliweka rangi mbichi kando ya iliyokauka ukataka zifanane. Changanya anga yote kwa mara moja, izidi unachohitaji, itie kwenye kichupa chenye kifuniko. Ukitaka kulinganisha, paka doa kwenye kipande cha karatasi, likauke, ndipo ulishike karibu na mchoro. Kwa upepo wa darini, kaskazi iwe au kusi, akriliki inakauka kabla hujamaliza kufikiri. Tandika kitambaa chenye maji kwenye sinia, juu yake karatasi ya kuokea, uchanganye hapo. Rangi itadumu muda mrefu zaidi. Na usipake mchoro ukiwa juani. Jua kali huifanya kila rangi ionekane nyepesi, utazidisha giza bila kujua, na ukiingia ndani utakuta umechora wakati wa magharibi.

Sasa ami yako. Alichosema kweli ni kwamba rangi za kasha ni dhaifu. Za jahazi zina nguvu kweli ya kufunika. Lakini rangi za majahazi mara nyingi ni za mafuta, na akriliki ni ya maji. Hazichanganyiki, na ukipaka akriliki juu ya mafuta yanayong’aa itabanduka. Mikebe ya zamani sana inaweza pia kuwa na madini ya risasi yenye sumu, kwa hiyo usiisugue kwa msasa wala usiiweke karibu na watoto wa darasa lako. Unachoweza kumwomba ami ni elimu. Mtu anayeweza kulinganisha kiraka kipya na ubavu wa jahazi uliopauka kwa jua, bila kipimo chochote ila jicho, anajua mambo ambayo mimi nayaandika kwa taabu hapa.

Kasha la arobaini na nane liache dukani. Litakuongezea walaji, na litakufundisha kuchagua badala ya kuchanganya. Kwa fedha hizo nunua tyubu chache nzuri: nyeupe ya titani (PW6) kubwa kuliko zote, majenta (PR122), manjano ya ndimu (PY3), altramarini (PB29), thalo ya kuelekea kijani (PB15:3) na siena ya kuchomwa (PBr7, au PR101). Fedha zikiruhusu, ongeza manjano ya udongo (PY42 au PY43), maana mchanga wa Lamu hauchoreki vizuri bila hiyo. Nyekundu yako ya pilipili endelea nayo. Ikiwa mwezi huu unaweza kununua mbili tu, nunua majenta na thalo. Hizo ndizo zitakazokutoa kwenye tope.

Kisha, kabla ya mchoro wowote, tengeneza chati. Tenga nyeupe pembeni. Chukua tyubu tano zilizobaki. Zinakupa jozi kumi. Kwa kila jozi paka visanduku vitano, kutoka rangi moja tupu hadi nyingine tupu, na chini ya kila kisanduku rudia rangi ileile ikiwa na nyeupe. Nyeupe hapo ina kazi maalumu: thalo ikiwa nzito hufanana na nyeusi, na altramarini ikiwa nzito hufanana na thalo, ukizipausha ndipo kila moja inaonyesha inakoegemea. Andika majina kwa penseli. Kazi hii inachosha, sitakudanganya, na nusu ya visanduku vitakuwa vya tope. Usivifute. Ukiibandika ukutani utaacha kukisia, na darasani kwako itafaa kuliko ile duara ya rangi iliyo kwenye vitabu. Watoto nao waambie ukweli kuhusu zile tatu za msingi, wanaweza kuubeba.

Ni wakati gani umwone mtu ana kwa ana? Kuhusu jicho, kwa ulivyoniandikia sioni dalili. Upofu wa rangi wa kurithi, ule wa kuchanganya nyekundu na kijani, huwapata wanaume zaidi ya wanawake kwa mbali, kwa hiyo nyumbani kwenu mwenye uwezekano zaidi ni mzee mwenyewe. Kipimo chake ni kile cha vitone vyenye tarakimu kilichobuniwa na daktari Mjapani Shinobu Ishihara mwaka 1917; kliniki za macho huwa nacho, na hakichukui muda. Lakini kuna mambo usiyasubirie. Funga jicho moja, utazame ukuta mweupe, kisha ubadilishe. Jicho moja likiuona wa manjano au uliofifia kuliko jingine, nenda kliniki. Yaweza kuwa mtoto wa jicho, ugonjwa uliomharibia mchoraji Mfaransa Claude Monet rangi zake mpaka alipopasuliwa mwaka 1923. Na mtu yeyote anayetumia dawa za kifua kikuu zenye ethambutol akaona nyekundu na kijani zimeanza kupauka, arudi hospitali siku hiyohiyo, asingoje miadi.

Kuhusu rangi zenyewe, ukitengeneza chati na bado jozi fulani inakushinda, usinitumie picha ya simu. Kamera hurekebisha rangi inavyotaka, nami nitakuwa natibu mgonjwa mwingine. Wachoraji hawakosekani Lamu, na wengi hukaa nje wakifanya kazi. Chukua kasha lako na hiyo chati, mwombe mmoja akuchanganyie mbele yako kijivu cha ukuta wa jirani yako. Usimtazame usoni wala usitazame mchoro wake; tazama sahani: anaanza na ipi, anaongeza ipi, kwa kiasi gani, na brashi anaiosha lini.